Nafasi ya Inchi Moja

Baba mkwe wangu ni fundi cherehani kwa miaka arobaini sasa, na hajawahi kushona suruali bila kuacha nafasi ya inchi moja kiunoni. Watu hunenepa, husema. Hilo kwake halina mjadala.

Siku alipompeleka mama mkwe hospitali ya macho, gari lilipiga yowe getini hadi wagonjwa wakachungulia madirishani. Mama akashuka, akasema, "Ukija kunichukua likilia hivi, sipandi. Nakwenda kukaa kwa dada yangu mpaka jicho lipone." Jicho, kwa hesabu ya daktari, ni wiki sita. Siku tatu alizolazwa mkewe zilikuwa zimemtosha Baba, na chakula alikuwa anakula amesimama.

Asubuhi ya kumchukua akafungua boneti uani. Mikanda ya injini iliyokuwa ikilia ilikuwa miwili, wa jenereta na wa usukani, yote imepasukapasuka kama visigino. Akaivua, akaipima kwa futi yake ya shingoni, akaenda dukani, akarudi na mipya. Akaivalisha, akaisukuma jenereta kwa nondo ili mkanda ukaze, akafunga nati.

"Washa, mwanangu."

Nikawasha, mtoto mgongoni. Gari likalia kuliko mwanzo.

"Zima!"

"Nimeshazima, Baba. Huyu anayelia ni mjukuu wako."

Akainama tena. Boliti zote mbili za kukazia zilikuwa zimefika mwisho, na mikanda bado ilining'inia. "Wameniuzia mibovu," akasema.

Niliokota ile ya zamani, nikaifuta kwa nepi. Chini ya uchafu palikuwa na namba. Fundi haambiwi kwamba hajui kupima, basi nikamsogezea mmoja. "Baba, hii ni tano au nane?"

"Tano. Thelathini na tano." Akachukua wa pili. "Thelathini na moja." Kisha akaitazama mipya: thelathini na sita, thelathini na mbili.

"Uliacha nafasi?"

"Inchi moja tu."

"Injini nayo hunenepa, Baba?"

Akaikodolea injini macho kana kwamba ni mteja aliyeleta malalamiko. "Hii," akasema, "haijaongezeka tangu niinunue."

Akarudi dukani mbio, futi ikipepea. Mara hii alitaja namba kama zilivyo.

Tulifika hospitali tumechelewa nusu saa. Mama alikuwa getini, nesi amemshika mkono, jicho moja limefungwa bendeji na lingine linaona vivuli tu. Tukasimama mbele yake.

"Hawaji hawa," akamwambia nesi. "Ningekuwa nimeshawasikia."

"Mama, wako hapo mbele yako."

Akanyoosha mkono, akagusa boneti. Ilikuwa inatetemeka, kimya. "Umelifanya nini?"

"Nimelibana kiuno," Baba akajibu.

Mama akapanda. Akapapasa mkanda wa kiti, akaufunga, akavuta pumzi.

"Siku zote hizo ulikuwa unakula?"

"Nilikula."

"Ukiwa umekaa?"

Baba akaondoa gari.