Kinga ya Tatu ya Shangazi

Shangazi yangu ana vidole vinane. Viwili viliondoka na msumeno wa meza, enzi zile anajifunza useremala, na ukimwuliza viko wapi anasema, "Nilivisahau kazini." Baada ya hapo akaachana na mbao, akajifunza kuchomelea vyuma, na sasa anatengeneza kinga za mashine.

Neno hilo lilinisumbua. Mvua ikinyesha tunakinga maji kwa ndoo. Nesi aliyekuja shuleni alisema chanjo inaupa mwili kinga. Beki wetu anavaa kinga za ugoko. Nikafungua kamusi: yote yametoka kwenye kitenzi kukinga, yaani kuweka kitu katikati ili kingine kisipite, au kutega chombo kipokee kinachoanguka. Nikamsomea shangazi huku akipiga msasa bawaba.

"Kamusi yako imesahau jambo moja," akasema. "Kinga iliyotundikwa ukutani ni pambo."

Alikuwa na uchungu wake. Kwenye karakana ileile iliyokula vidole vyake alishapeleka kinga mbili, na zote mbili mafundi walizifungua kabla ya chai ya saa nne, wakazitundika msumarini. Mwenye karakana akamwambia, "Dada, hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Wakiitoa, msumeno ubaki wazi hivyohivyo. Nimechoka kugombana na watu wazima."

Basi kabla hajagusa chuma, shangazi akaenda kuketi juu ya rundo la mbao siku nzima, anatazama tu. Shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda naye. Akamwomba fundi mkuu, wanayemwita Kasi, airudishe ile kinga ya zamani kidogo tuone. Kasi akaifunga, akaanza kukata huku amepinda shingo mpaka sikio linagusa bega, anautafuta mstari wa penseli chini ya lile bati. Hakuupata. Ubao ukaenda upogo. Akasonya, akachukua spana.

Shangazi akanishika mkono. "Umeona? Si ukaidi, haoni! Mimi niliwaza mkono tu, jicho nikalisahau. Kosa ni langu."

Sijawahi kumwona mtu akifurahia kosa lake namna ile. Wiki nzima alichomelea. Safari hii akatumia wavu badala ya bati, nyuma akaweka bawaba, mbele pua iliyopinda: ubao ukiingia unaiinua, ukishapita inashuka yenyewe.

Jumatatu asubuhi tukaifunga. Kasi akaizunguka mara mbili.

"Dada, humu unafuga kuku gani?"

"Jogoo mmoja ana maneno mengi," shangazi akamjibu. "Kata mbao."

Wenzake wakaangua kicheko, na Kasi akakata. Ubao wa kwanza, wa pili, wa kumi. Saa nne ikafika. Kasi akatia mkono kwenye mfuko wa spana. Akatoa kitambaa, akajifuta jasho, akaenda zake kunywa chai. Chai ya shangazi ilipoa mezani, hakuigusa.

Mchana kinga ilikuwa bado ipo. Saa tisa, ipo. Ndipo fundi mmoja, wa msumeno wa pili mle karakanani, alipokuja na mbao zake begani.

"Kasi, nipishe nikate hapa."

"Una msumeno wako."

"Wangu hauna hiki kitu. Hapa mtu anakata bila roho kumdunda."

"Basi kaa na wako huko ulio uchi! Huu siutoi."

"Huo msumeno ulizaliwa nao?"

Wakaanza kusukumana kwa mabega, watu wazima hao, mpaka mwenye karakana akatoka ofisini na kalamu sikioni. Akawatazama, akaitazama kinga, akamgeukia shangazi.

"Dada, ya msumeno wa pili unaileta lini?"

Shangazi alikuwa ameshaufikia msumeno wa pili, futi ya kupimia mkononi.

"Nipisheni," akasema, anacheka meno yote nje. "Napima."