Alama Mbili za Mwezi

Mwalimu Zihindula hakuwa mtu wa kutulia. Hata kanisani alitikisa goti mpaka benchi zima likatetemeka, na sisi tuliozoea kuketi naye tulikwishachoka kumkanya. Kwetu Kongo, mjini Bukavu, alifundisha sayansi miaka kumi na miwili. Hapa Malawi, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, aliendelea kufundisha kutoka daftari lilelile alilokimbia nalo, na kwake kilichoandikwa humo kilikuwa amri.

Mwaka 2009 shule moja ya Lilongwe ilitoa nafasi moja ya sekondari, karo imekwishalipwa, kwa mtoto wa kambi. Zihindula akatunga mtihani, akausahihisha mwenyewe. Charlène, bintiye, alipata sabini na moja. Akeza, binti wa Zénon, yule Mrundi fundi wa baiskeli, alipata sabini. Swali lililomwangusha lilikuwa na alama mbili: Je, Mwezini kuna maji? Daftari lilisema Mwezi ni mkavu. Akeza aliandika kwamba kuna barafu.

"Mwalimu, radio ya papa yangu njo ilisema," msichana alilalamika.

"Radio haisahihishi mtihani," Zihindula akamjibu, akicheka.

Zilibaki siku chache kabla ya proklamasio. Sisi Wakongo ndivyo tulivyo: wazazi wanavaa vizuri, mwalimu anasimama, anasoma majina na alama mbele ya watu wote, na kikishasomwa kimesomwa. Ilipangwa Jumapili baada ya ibada. Jumamosi yake Zihindula akaenda Lilongwe, soko la Tsoka, kutafuta karatasi nzuri ya cheti. Akapita kumsalimu Bienvenu, mshonaji, mwenzetu wa Bukavu, na hapo kwenye cherehani radio ikawa inatangaza: Wamarekani wameangusha chombo ndani ya shimo lenye giza karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, na katika vumbi lililotimka wamekuta maji, na barafu.

"Kaa basi, mwalimu, nikupe chai," Bienvenu akasema.

Chai gani! Mwenzetu alitoka, akarudi, akatoka tena. Aliwauliza wauza betri watatu kama nao wamesikia. Kisha akarukia matola ya kwanza, gari la mizigo linalobeba na abiria, iliyokuwa inaelekea Dowa, njia ya kambini, akaketi juu ya magunia ya mahindi, na ile karatasi hakuinunua.

Najua mtu atasema, si aseme kweli tu? Jamani! Mtoto wako ana mlango mmoja wa kutokea kambini, na anayejua kwamba si wake ni wewe peke yako. Mimi sijui ningefanya nini, na nisingependa kujua. Jioni ile, ugali ukiwa umepakuliwa, alizunguka ndani ya nyumba mpaka mkewe, Godelive, akakasirika.

"Zihindula, kaa chini ao toka inje. Unatuletea vumbi kwa nsima!"

Hakumwambia kitu. Hakumwambia mtu yeyote.

Jumapili alisimama mbele, shati limemlowa jasho. Mimi nilishika chaki, tayari kuandika ubaoni. Alianza jina la kwanza, akalikatiza, akafuta uso.

"Bazazi, kosa ni yangu," akasema. "Maji iko kule Mwezini. Balipata. Akeza, sabini na mbili. Yeye njo wa kwanza."

Zénon aliruka kama mtu aliyeungua. Wamama wakapiga vigelegele, wengine wakanong'ona, na Godelive akainama akashika kichwa. Mwungwana akivuliwa nguo huchutama, nikawaza, na nilimwonea huruma kwelikweli.

Watu walipopungua, Charlène akaja mpaka mbele. Baba yake akawahi kusema kabla hajaulizwa.

"Nisamehe, binti yangu. Akeza alisikia radio, we haukusikia."

"Nilisikia, papa," Charlène akasema. "Tulikuwa bote kwa papa Zénon, mi na Akeza. Lakini niliandika vile ulitufundisha, kwa sababu we njo ulisema."