Toleo la Tano kwa Amri ya Mkurugenzi

Mwaka ule kila kitu Lubumbashi kilikuwa kinayumba. Uchaguzi uliahirishwa mpaka watu wakachoka kuuliza, faranga iliamka kila asubuhi ikiwa mgonjwa kuliko jana, na matairi yaliwaka kwenye njia panda hadi askari walipokuja kuyazima pamoja na waliokuwa karibu nayo. Katikati ya hayo mimi nilikuwa na kazi ya kutunza kitu kinachoitwa imara. Cheka tu, hata mke wangu alicheka.

Nilitengeneza vifurushi vya programu za Linux kwa kompyuta za shirika moja lenye zahanati mjini. Tulitumia toleo imara, na uimara wake ni huu: programu haibadilishwi ovyo. Ikionekana kasoro, walioiunda huirekebisha katika toleo jipya. Mimi nilichukua lile rekebisho peke yake, mistari michache, nikalishona ndani ya programu yetu ya zamani, nikaifunga upya na kuituma. Namba ya toleo ilibaki ileile, na mkia mdogo wa herufi nyuma yake. Ni kama fundi wa mtaa wa Annexe anayechonga kipuri cha gari jipya mpaka kiingie kwenye gari kuukuu. Gari halipati sura mpya, ila linafika.

Kazi safi, lakini haina sherehe, na hapo ndipo nilipogongana na Mkurugenzi.

Kwetu kitu kipya lazima kifanyiwe arrosage. Ukinunua gari, redio, hata sufuria, majirani watakuja na kiu yao, na utamwaga bia mpaka watosheke. Kitu kisicholoweshwa hakijazaliwa. Mkurugenzi wetu, mtu wa tai mbili, moja shingoni na moja ya akiba mezani, alikuwa ameipeleka desturi hiyo mpaka kwenye kompyuta. Kila toleo jipya lilizinduliwa kwenye baa moja ya mtaa wa Karavia, kwa hotuba ndefu, na mfanyabiashara mmoja wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini ndiye aliyeleta makreti ya bia. Kisha akatoa amri: kisichozinduliwa hakiwekwi kwenye kompyuta ya zahanati yoyote. Viraka vyangu, masikini, havikuwahi kupata hata soda.

Amri hiyo ningeicheka kama nyingine, lakini mdogo wangu wa kike alikuwa na mimba kubwa. Uzazi wake wa kwanza alitokwa na damu nusura afe. Safari hii angejifungulia kwenye zahanati yetu ya Hewa Bora, ambako programu moja ndiyo iliyomwambia muuguzi ni mfuko gani wa damu kwenye friji bado unafaa. Nayo programu ilikuwa na kasoro: umeme ukikatika na kurudi, mifuko iliyokwisha muda ilionekana mizima. Mjini kwetu umeme unakatika kama mtu anavyopiga chafya. Rekebisho lilikuwa limetoka, lakini ndani ya toleo la tano, na sisi tulikuwa na la pili. La tano zima kompyuta zetu zisingeweza kulibeba.

Intaneti nayo serikali ilikuwa imeifunga. Nikapanda basi hadi Kasumbalesa, mpakani, ambako ukiinua simu juu unaokota mtandao wa Zambia. Tulisimama wengi pale, mikono juu kama mateka, na askari wakatupita bila kushangaa. Nilirudi na rekebisho, nikalishona, nikaijaribu kwa kuchomoa na kurudisha waya wa umeme hadi nikachoka. Mifuko mibovu ilibaki mibovu. Nikaenda kwa Mkurugenzi nikiwa na furaha ya mjinga.

“Iko version ngapi?” akauliza.

“Mbili, Directeur. Lakini ile panne, ile kasoro ya damu, niliitengeneza.”

“Mbili?” Alivua miwani. “Weye unataka niite bantu bakubwa ku Karavia juu ya mbili? Bataniuliza kintu gani iko mupya. Nitabajibu nini? Mukia?”

“Directeur, mudogo yangu atazala huu mwezi. Pale Hewa Bora.”

“Basi umuletee tano. Si banasema iko?”

“Tano haiwezi kuingia mu zile machines.”

“Weye kila siku ni sababu tu. Leta tano, ama acha.”

Nilitoka nikitukana kwa lugha zote nilizonazo. Katika kazi yetu namba ya kifurushi ni kiapo. Anayeibadilisha bila kubadilisha kilicho ndani ni sawa na anayeuza maji kwenye chupa ya bia. Nilikaa, nikafungua kifurushi, nikafika penye namba, nikaandika tano. Mkia nikaukata. Ndani ilibaki programu ileile ya pili na kiraka chake. Nikabadilisha pia rangi ya skrini kutoka buluu kuwa kijani, maana wakubwa huamini macho.

Siku ya sherehe barabara zilikuwa na moshi, ila wageni walifika wote, kiu haikosi njia. Mkurugenzi alisifu maendeleo, akamwaga bia kidogo chini na nyingine kidogo kwenye kibodi. Watu walipigia makofi rangi ya kijani. Kesho yake zahanati ikaruhusiwa kuiweka.

Mdogo wangu alijifungua wiki iliyofuata, na damu ikatoka kama tulivyoogopa. Umeme ukakatika, ukarudi. Muuguzi alikuwa ameshika mfuko wa mbele kabisa kwenye friji. Akasoma skrini, akaurudisha, akachukua wa nyuma. Mimi nilikuwa mlangoni, nikiona yote. Mdogo wangu alipona, na mtoto wake pia.

Mkurugenzi akaja na mpiga picha. Akasimama kando ya kitanda, katikati ya wanawake waliokuwa wakingoja zamu zao za kuzaa.

“Munaona? Tano njo iliokoa huyu mama. Na ile mbili ya yaya yake, huyu kaka yake, leo tungekuwa ku kilio.” Akanigeukia. “Ama ni bongo? Nasema uongo?”

Mdogo wangu alijua yote, akanitazama. Neno moja tu, na programu ingeondolewa siku hiyohiyo. Nikawatazama wale wanawake.

“Apana, Directeur,” nikasema. “Mbili ingemuua.”