Sungura Niliyemchinja Shambani

Chekeni mtakavyo, lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe.

Njoroge, Mkenya ninayefanya naye kazi ya uuguzi hapa Dallas, alinialika nikamwone akiwinda koyoti, wale mbweha wa huku, kwenye shamba moja nje ya DeSoto. Walikuwa wanammalizia mwenye shamba mbuzi wake. Tulifika giza limeshaingia, nikaenda nyuma ya gari kuswali Isha. Kutoa salamu tu, nikasikia sungura analia kwa uchungu. Nikachungulia, nikaona kitu cha manyoya kinatapatapa kwenye nyasi. Njoroge simwoni.

Nikajua sungura kanasa mtegoni. Sasa mimi, mtoto wa Tanga, niache mnyama afe kibudu na nyama ya halali iko mbele yangu? Nikachukua kisu tulichobeba cha kukatia tikiti, nikainama ili nisiwashtue hao koyoti, nikanyata hadi pale. Nikamkamata. "Bismillahi, Allahu Akbar!" Nikapitisha kisu shingoni.

Damu hata tone. Zikachomoza nyaya na betri mbili. Kilio nacho kinaendelea, kinatoka kwenye spika iliyofichwa majanini.

"Bakari? Ni wewe?" Njoroge aliita kutoka kichakani. "Hicho ni kisungura bandia cha kuwavuta koyoti! Kwa darubini ya bunduki nimeona tu kitu kimeinama kinanyemelea. Kidole kilikuwa kwa triga, Bakari, ndio nikasikia koyoti anasema Bismillahi!"