Niliandika Kwamba Ukuta Umeanguka

Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa nikihudumia wazee majumbani mwao, nyumba tano kwa siku, nusu saa kila nyumba. Ya kwanza ilikuwa Erdington, mtaa mmoja wa Birmingham, Uingereza, nyuma ya barabara ya maduka. Hapo aliishi peke yake mama mzee aliyekuwa amefundisha chuoni mashairi ya Waingereza wa kale. Nilimwita Mwalimu. Kwetu Kenya mtu aliyefundisha haachi kuitwa hivyo hata akistaafu, naye alilipenda jina hilo kuliko lake.

Mimi niliishia darasa la nane. Nilikuja Birmingham kumfuata mama, ambaye hufanya kazi hii hii, na masomo hayakuendelea. Naandika polepole. Kusema mbele ya watu kunanipa shida zaidi.

Kila asubuhi nilimvalisha Mwalimu soksi za kubana miguu, ambazo hupanda kwa taabu na kuumiza. Ili asiyasikie maumivu alikuwa akisema mashairi, kwanza kwa lugha ya zamani, iliyosikika kama mtu anapasua kuni, kisha kwa Kiingereza cha leo ili nielewe. Mengi yalikuwa na miji ndani yake, na miji hiyo karibu yote ilikuwa imebomoka.

"Kwani hawakuwa na miji yao wenyewe?" nilimuuliza siku moja.

"Wao walijenga kwa mbao na nyasi. Ya mawe waliikuta. Warumi waliijenga wakaondoka, hawa wakaja wakaona kuta ndefu zisizo na mtu. Wakasema kazi hii ni ya majitu."

"Wakaingia wakaishi?"

"Si wengi. Vuta, usiogope, mguu ni wangu." Akangoja soksi ipite kisigino. "Kwao mji ni ukumbi wenye moto, watu na kinywaji. Nje ni baridi. Na mshairi karibu kila mara yuko nje."

Hilo nililielewa bila kufafanuliwa. Nilikuwa nimeshuka basi saa moja asubuhi, vidole vimekufa ganzi. Kutoka kwake nilikuwa naenda kwa mteja wa pili, mtaa wa Perry Barr, nikipita magorofa mapya karibu na uwanja wa michezo, madirisha mengi na mapazia machache. Sikujua nani aliyajenga wala nani anakaa humo. Nilichojua ni kituo cha basi.

Kwenye mafunzo tulisisitiziwa jambo moja: andika alichosema mteja, kwa maneno yake, usiongeze lako. Wenzangu waliandika "Amekula, yuko sawa," wakaenda zao. Mimi nilitii. Asubuhi moja niliandika kwenye simu ya kazi, kwa kidole kimoja: "Mteja amesema ukuta umeanguka. Amesema waliojenga walikuwa majitu na wote wamekufa. Amesema baridi imeingia na hakuna wa kufunga lango." Nikakosa basi kwa sababu ya sentensi hizo tatu.

Jumatatu iliyofuata msimamizi wangu, ambaye naye ni Mkenya, alinipigia.

"Dada, huyu mama wa Erdington ameanza kuchanganyikiwa lini? Watu wa ustawi wa jamii wamesoma rekodi zako. Wanataka kumhamishia makao ya wazee. Alhamisi wanakuja kumwona, na wewe uwepo."

Nilitaka kumweleza. Nikasema, "Sawa."

Mama yangu aliposikia aliacha kukunja nguo. "Sawa ya nini? Mtu anatolewa kwake kwa sababu yako, unajibu kama umeulizwa chai ina sukari? Alhamisi ufungue mdomo. Hata ukitetemeka."

Jumanne nilimvalisha Mwalimu soksi na sikumwambia. Jumatano vilevile. Alikuwa akisema mashairi yake, nami nikitazama kisigino.

Alhamisi tulikaa wanne sebuleni: Mwalimu, msimamizi, afisa wa ustawi wa jamii na mimi. Afisa, mwanamume mpole mwenye mafua, alisoma maneno yangu kwa sauti. Mwalimu akanigeukia.

"Umeyaandika wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Yote?"

"Niliyoyaelewa."

Afisa akamuuliza leo ni siku gani, na nchi inaongozwa na nani. Mwalimu akatazama dirishani, akakaa kimya. Alikuwa ameudhika, hilo nililiona, lakini afisa hakumjua. Alingoja kidogo kisha akaandika kitu. Ndipo nilipotambua kwamba na huo ukimya unaingia kwenye rekodi.

"Ni shairi," nilisema.

"Rudia, dada," msimamizi akasema. "Hatujasikia."

Nilirudia. Nikaeleza kuhusu Warumi na mawe, na watu waliokuja nyuma yao wakadhani wajenzi walikuwa majitu. Nilikuwa nikitazama zulia.

"Na lango?" afisa akauliza.

"Lango ni la mji. La hapa nililifunga mwenyewe."

Msimamizi alificha kicheko kwa kikombe chake cha chai. Afisa hakucheka. "Kwa nini hukuandika kwamba ni shairi?"

"Tuliambiwa tusiongeze letu."

Alitoa karatasi. Alisema hawezi kubadilisha uamuzi kwa mazungumzo, anahitaji maelezo yaliyoandikwa na kutiwa sahihi. Msimamizi akanyoosha mkono. "Lete nikuandikie, ama tutalala hapa."

"Mwacheni," Mwalimu akasema. "Yale ya kwanza aliyaandika mwenyewe."

Niliandika. Chai ilipoa. Afisa alitazama saa mara mbili, kisha akaacha. Nilipomaliza alisoma mstari kwa mstari, akauliza neno moja ambalo hakulitambua, akasema Mwalimu atabaki nyumbani kwake na yeye atarudi kumwona baada ya miezi mitatu.

Waliondoka, Mwalimu na mimi tukabaki wawili.

"Ungeniambia Jumanne," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nisingewanyamazia. Nilidhani wamekuja kunidhihaki."

Nilikusanya vikombe. Akaomba nimsaidie kupanda juu hadi chumbani akalale, ingawa ilikuwa mchana. Tulipumzika mara mbili kwenye ngazi, amenishika bega kwa uzito wake wote. Simu ya kazi ikalia mfukoni, bila shaka ni mteja wa Perry Barr anauliza niko wapi. Sikuipokea. Zilikuwa zimebaki ngazi sita.