Maji ya Kufulia

Familia ya marehemu mume wangu ilikubaliana kwamba mimi nimezeeka na kwamba kufua nguo za watu kumenitosha. Walikubaliana bila mimi. Nilikuwa jikoni nasonga bukari, ugali wetu, wao wamekaa sebuleni. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyeniletea hukumu, huku ameegemea mlango.

"Sasa utapumuzika," alisema. "Batoto balishakomaa. Ile pesa ulichungaka, tununue mashini ya mayi ya kunywa. Maneno ya kufula tufunge."

Nilimuuliza kama mikono hii ni yake. Alicheka akidhani natania.

Mimi sifui kila kitu. Nafua nguo nyeupe tu: magauni ya komunyo, shela za maharusi, makoti ya madaktari, na kanzu za Ijumaa za jirani zangu, familia ya Kiislamu yenye asili ya Maniema. Baba wa watoto alipokufa, hao watoto walisoma kwa hizo nguo. Hapa mtaani kwetu Hewa Bora ukisema "mama wa nguo nyeupe", hata dereva wa teksi atakuleta mlangoni kwangu.

Kisha robine, lile bomba la maji la barabarani, ikakauka, nasi tukachimba foraji, kisima kirefu cha bomba na pampu, katika parseli, kiwanja chetu, kama wengine. Maji yalitoka meupe, tukapiga makofi. Kumbe tulifurahi mapema. Ukiyaacha kwenye beseni mpaka mchana yanageuka rangi ya kutu, kwa sababu chini huku ni chuma na chokaa. Sabuni haitoi povu. Nguo nyeupe ikikauka, imekuwa ya manjano. Nikaongeza javeli, dawa ya kung'arisha nguo, ikazidi. Nikaongeza tena, kwa hasira, ikazidi tena. Nilichelewa kujua kwamba javeli ndiyo inayokifanya chuma king'ang'anie kitambaa. Siku moja mama jirani aliinua kanzu ya mume wake kwenye jua, akatazama kola, akaikunja polepole. "Haina neno, mama," akasema. Hakurudi. Afadhali angenitukana. Baada yake wengine wakaanza kupita mbali na mlango wangu.

Kwa hiyo pesa niliyoweka akiba ilitosha kununua kitu kimoja: maji ya kazi yangu, au mashini ya shemeji ya kunizika nayo.

Jumamosi shemeji alikuja na muuzaji, kijana wa shati lililopigwa pasi vizuri, nalikubali hilo. Mashini yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuficha chini ya sinki. Kijana alijaza glasi mbili, moja maji ya foraji, nyingine maji yaliyopita kwenye mashini, akatumbukiza ndani ya kila moja kifaa chenye miguu ya chuma kinachochomekwa kwenye umeme. Maji ya foraji yalichemka uchafu wa kahawia na kijani, mambo ya kutapisha. Glasi ya pili ilibaki safi.

"Hii njo munakunywaka, mama," kijana alisema kwa huruma.

Shemeji alifanya ishara ya msalaba. Na mimi, nakubali, nilianza kumwamini. Lakini kijana yule alikuwa na joto, na kila baada ya maneno machache alikuwa anakunywa maji ya chupa, yale ya dukani yenye picha ya mlima. Nikakasirishwa na ile chupa. Sisi tunywe uchafu, yeye anywe mlima?

"Weka chuma chako mu ile yako," nilimwambia.

"Ile ni mayi ya duka, mama. Iko safi."

"Basi haina shida. Weka."

Kijana alimtazama shemeji. Shemeji, ambaye hapendi kuonekana mjinga mbele ya mtu, akasema, "Weka tu." Kijana akamimina maji ya chupa kwenye glasi, akatumbukiza. Maji ya mlima yakageuka kahawia kama ya kwangu. Kumbe uchafu ulikuwa unatoka kwenye ile miguu ya chuma yenyewe! Kijana alianza kutuelezea kwa Kifaransa kwamba maji ya mashini yalibaki safi kwa kuwa hayana madini ya kupitisha umeme. Nikamuuliza kwa Kiswahili mashini yake itajaza beseni langu la kufulia kwa muda gani. Akasema hiyo ni ya kunywa tu, inatoa kidogo kidogo. Nikamfungulia mlango.

"Sasa utanunua nini?" shemeji aliuliza, amenuna.

"Maji ya kufulia. Ya kunywa nitachemsha, kama siku zote."

Jumatatu nilipanda teksi kwenda mjini na bidoni, dumu la maji yangu, kipande cha sabuni na kitambaa cheupe. Katika maduka ya kwanza walinicheka. Mmoja aliniambia nichague kwa kutazama karatasi yenye picha. Nikamwambia karatasi hiyo haivaliwi kanisani. Mwishowe niliingia kwa mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, anayeuza pampu na matanki kwa jumla. Yeye alitazama bidoni, akatazama uso wangu, akasogeza kiti.

Alipitisha maji yangu kwenye tanki la mchanga linalokamata chuma, kisha kwenye lingine linalotoa chokaa, ambalo hulishwa chumvi ya mawe. Nikafua palepale, nimeinama katikati ya duka lake, wateja wananiruka. Povu lilipanda mpaka kwenye viwiko. Sikushangilia, maana maji ya chuma yanaweza kukudanganya mpaka nguo ikauke. Tukatundika kitambaa mlangoni, nikakaa kungoja jua lifanye kazi yake.

"Nikuambie kimoja, dada," alisema tukingoja. "Hii haiuake microbe, bile bidudu. Ya kunywa utachemusha."

Mtu anayetaja kasoro ya mali yake, namwamini. Hapo ndipo niliponunua, kabla kitambaa hakijakauka. Kilikauka cheupe.

Matanki yalipofungwa karibu na foraji, nilienda kwa mama jirani. Sikuzunguka.

"Nipe kanzu moja."

Akaniletea ya zamani, ya kushindia nyumbani.

"Hapana. Nipe ile mupya, ya Idi."

Alinitazama sana. Tulijua wote wawili kwamba nikiiharibu hiyo, mtaa mzima utajua kabla ya sala ya jioni, na kazi yangu itakuwa imekwisha kweli. Akaingia, akaileta, akaishika kidogo kabla ya kuiachia. Usiku ule sikulala vizuri. Nani angelala?

Kesho yake niliirudisha. Aliinua kwenye jua palepale mlangoni, akatazama kola, kwapa, upindo wa chini. Kisha akaingia ndani, nikabaki nimesimama nje. Nilisikia sanduku linafunguliwa. Akatoka na beseni kiunoni, limejaa nguo nyeupe za nyumba nzima.

"Ulikawia, mama," alisema.

Shemeji alikuja Jumapili iliyofuata, amebeba mfuko wa mashati yake meupe ya kwaya. Hakusema habari ya kupumzika.

"Weka pale," nilimwambia, "nyuma ya za jirani."

Aliomba maji ya kunywa. Nikammiminia kutoka kwenye sufuria.

"Ni ya kuchemusha?"

"Ya kuchemusha. Ile unakunywaka hapa tangu niliolewa."

Akanywa yote, akaomba mengine. Nilimwonyesha sufuria ilipo, maana mikono yangu ilikuwa na povu.