Kipande cha Mama Kwenye Mfereji

Maji ya mfereji yakirudi baada ya siku nyingi hayaji kimya. Kwanza unasikia majani makavu yakisukumwa, kisha inakuja harufu ya vumbi linaloloa, ndipo unayaona. Mwaka ule nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, na kila siku nilidhani nimeyasikia. Naacha mbuzi, nakimbilia migombani, nakuta pakavu. Nilichapwa sana kwa ajili ya mbuzi hao. Mmoja aliliwa na fisi, lakini hiyo ni habari nyingine.

Baba alikuwa amekufa. Wajerumani walikuwa wakijenga boma lao Arusha, wakakusanya wanaume wa Meru wabebe mawe, na jiwe moja likamwangukia. Tukabaki Mama na watoto wa kike watatu, na kihamba chetu cha migomba juu ya Kikwe. Kwa desturi, Mama alitakiwa arithiwe na baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu. Akasema hataki, basi. Baba mdogo hakugomba. Alichukua tu zamu yetu ya maji, maana zamu ilikuwa ya mwanamume na nyumba yetu haikuwa naye. Tukakaa tunaangalia migomba ikikunja majani. Mama hakutulia. Anaingia, anatoka, anashika jembe, analiweka. Shangazi zangu walikuja kumwambia kwamba akikubali, maji yatarudi siku hiyo hiyo.

Sasa, kila mwaka mfereji ulizibuliwa kule juu msituni. Mzee wa mfereji alipima kwa fimbo yake ndefu, kila mwenye nyumba akapewa kipande chake, na aliyepimiwa akamaliza kuchimba hakunyimwa maji. Wanawake hawakukanyaga huko; ilisemwa wakikanyaga chemchemi itakauka. Siku ya kuzibua, Mama alibeba jembe la Baba akapanda. Nilimfuata, hakunifukuza. Nafikiri aliogopa kwenda peke yake, ingawa hakuwahi kukiri.

Wanaume wakaacha kazi. Mmoja akamuuliza kama amekuja kuwapikia. Mwingine akasema kumbe marehemu amerudi, ila amevaa ngozi za mkewe. Baba mdogo alicheka mpaka akajishika mbavu, akaonyesha mahali penye mwamba, ambapo kila mtu alipakwepa.

“Mzee, mpimie na shemeji. Mpe pale, tuone kama jua litafika utosini hajalilia mume.”

Mzee naye akacheka, akalaza fimbo chini mara tatu. Mama akashuka mferejini. Alichimba udongo, kisha akawasha moto juu ya mwamba, mimi nikikusanya kuni, na mwamba ulipopata moto akaumwagia maji ukapasuka. Akaanza tena. Jua lilipokaribia kuzama kipande kilikuwa kimeisha, na vidole vyake havikunjuki. Hakuna aliyekuwa anacheka. Baba mdogo akasema ule ulikuwa mzaha tu. Mzee akaitazama fimbo yake.

“Mzaha ulikuwa wako,” akamwambia. “Fimbo ni yangu, na imeshalala chini. Nikimnyima huyu, mwakani nitakupimia wewe kwa fimbo gani?”

Siku ya tatu maji yakaingia kwetu. Chemchemi haikukauka. Mama alipanda kila mwaka, mwanamke peke yake, na mzaha hawakuacha, ila walimpimia.

Leo maji yanatoka bombani. Mjukuu wangu wa kike yuko kwenye kamati ya maji ya kijiji. Anawapangia wanaume zamu na wanamwitikia. Hupenda nimsimulie habari za mama yangu, nami humsimulia mpaka pale maji yalipofika, nikaishia hapo. Simwambii kwamba mimi nilipofiwa na mume, shemeji yangu alikuja na sikukataa hata nusu siku. Hakuna aliyenifungia maji wala kunitisha. Nilichoka tu. Baba yake mjukuu wangu alizaliwa kwa huyo shemeji, kwa hiyo hata kujuta sijui nijute vipi. Kuandika nimejifunza juzi, kwenye kisomo cha watu wazima, na haya ndiyo maneno yangu ya kwanza yasiyo ya kunakili ubaoni. Nimeyaweka mezani, pale mjukuu wangu anapokaa kula.